Blanketi la Nguo za Marehemu

Ijumaa, siku ya mapumziko huko Uarabuni tulikofanya kazi, ibada ya kanisa ikiisha pale Abu Hamour, rafiki yangu wa Kakamega alizoea kunionyesha ushonaji wake. Yeye alifanya kazi za nyumbani mtaa wa Al Sadd. Mimi nilikuwa nesi. Alishona mablanketi ya viraka kama masista walivyomfundisha shuleni: mraba mwekundu katikati, kisha vipande virefu vikiuzunguka, vyeupe upande mmoja, vyeusi upande wa pili. Masista walisema Wazungu walioanzisha mtindo huo waliishi katika nyumba za magogo. Ule mraba ni moto, vipande ni kuta, na rangi mbili ni mwanga na kivuli.

"Kwetu moto uko jikoni, na jiko liko nyuma ya nyumba," aliniambia. "Mimi nashona tu nyumba ya wenyewe."

Mwaka huo mama yake aliugua sana. Bila idhini ya maandishi ya madam, mwajiri wake, asingeweza kutoka nchini, akawa anatafuta namna ya kumlainisha. Mama mzazi wa madam alikuwa amefariki karibuni, na rafiki yangu ndiye aliyemwogesha na kumlisha hadi mwisho. Aliagizwa afungashe nguo za marehemu zipelekwe sadaka. Kwao Kakamega, nguo za marehemu hugawiwa jamaa ili asisahaulike. Akabakiza magauni machache, akayakata, akamshonea madam blanketi.

"Ukimpa hili atakukatia tiketi," nilimwambia.

"Tiketi nitakata mwenyewe. Nataka saini tu."

Ijumaa iliyofuata alikuja nalo ndani ya mfuko wa plastiki. Alinisimulia kwamba alipompa, madam alilitandaza, akagusa kitambaa kimoja, akakitambua. Hakufoka. Aliuliza ni nani aliyemruhusu kukata nguo za mama yake. Kisha akamwamuru alifumue lote, amrudishie vipande.

Tukakaa kivulini karibu na maegesho. Mtindo ule hushonwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo hufumuliwa kuanzia nje: kuta kwanza, moto mwisho. Mimi nilikata nyuzi kwa wembe. Yeye alivuta mmoja mmoja.

"Harakisha, dada," nilimwambia. "Ukimaliza leo, kesho unaomba ruhusa."

"Na akikataa?"

Aliuchukua ule wembe mkononi mwangu, akaufunga katika karatasi yake, akaendelea kuvuta uzi kwa kucha, taratibu, kama asiyetaka kazi iishe leo.