Kuvunja Samaki mu Telefone

Bantu ya hapa Kamalondo banafikiri nilienda Tunis kutembea. Sikuenda kutembea. Nilienda kunawisha mutoto yangu mwanamuke na maji ya moto, sababu alikuwa amezaa na hakukuwa mama mwengine kule wa kumufanyia ile kazi. Kwetu mama njo anaendaka. Hata kama iko mbali, hata kama ni kupanda ndege mara ya kwanza.

Yeye alikuwa anakala kule tangu masomo. Masomo ilipoisha alibakia, sababu maisha haikuwa kali: mukate bei kidogo, mayai bei kidogo, na umeme haikatike sawa vile hapa kwetu. Kazi yake ilikuwa mu ordinatere, ile bengine banaita kompyuta. Anavaa kaske ku masikio, anajibu bantu ya Ulaya benye vitu yao imeharibika. Anabasemesha Kifaransa ya mapua, na beye banafikiri iko mu muji yao. Patron, mukubwa yake wa kazi, hajamuona hata siku moja. Miye nilisoma miaka tatu tu, lakini ile kazi niliielewa mbio, sababu na miye nilikuwa na yangu mu telefone.

Miye minauzisha samaki ya kukausha. Inatoka Kasenga na kamio, lori kubwa ya mizigo, inashukia ku soko ya Kampemba. Samaki hauipimake na macho. Unaikamata, unavunja mugongo karibu na kichwa. Yenye kukauka inalia kama kakijiti. Yenye kuwa mubichi ndani inajikunja tu, inanyamaza, na kisha wiki moja imejaa funza. Benye kuuzisha banawekaka ya muzuri juu, ya mubaya chini. Sasa mudogo yangu, wa kunifuata mu tumbo ya mama, mwenye nilimuachia kazi, anaaminiaka kila muntu mwenye kumuchekea. Njo nilimuambia: kamio ikifika, uniite, uweke telefone karibu, uvunje. Ikilia, tunakamata. Ikinyamaza, inarudia kwenye ilitoka.

Mutoto yangu alicheka mpaka machozi. Alisema sasa na miye niko ofisi. Tulikuwa shiye wawili mu chumba moja, yeye ku meza na kaske yake, miye ku kitanda na telefone yangu, mujukulu ku mugongo. Ile ilikuwa miezi muzuri. Haikukawia kuisha.

Muji ikageuka. Siwezi kusema vizuri namna ilianza. Kwanza bantu balianza kututazama vibaya ku duka. Kisha batoto balitutupia mawe, na bakubwa bao balikuwa wanaangalia. Kisha benye manyumba balianza kutosha bantu beusi inje, na magodoro, na masufuria, na mimba. Barafiki ya mutoto yangu balikuwa banamuita mu telefone mumoja mumoja: tumetoshwa, tumetoshwa.

Mwenye nyumba yetu alikuwa mama muzee kama miye. Alipanda akasema na mutoto yangu, mutoto akaniambia mu Kiswahili. Yule mama aliwaambia majirani kwamba tumekwisha kuenda. Atatuficha, lakini tufunge madirisha, tusianike nguo, mutoto asilie, na sauti yetu isisikike ku ngazi. Kama majirani banasikia, yeye hataweza tena kitu.

Shiye tulikuwa tunangojea kintu moja tu: karatasi ya safari ya mujukulu. Alizaliwa kule, hakuwa na karatasi, na bila karatasi hapande ndege. Ku ubalozi yetu walituambia wiki mbili ao tatu. Kunyamaza wiki tatu, kisha tunarudia nyumbani wote tatu. Hakuna mwengine alituomba kintu kidogo hivi.

Mutoto yangu alikuwa anafanya kazi na sauti ya chini chini. Miye nilikuwa minamuweka mujukulu ku titi ya mama yake kila akifungua kinywa, hata kama hana njaa. Asubuhi yule mama muzee alikuwa anaacha mukate ku mulango, anagonga mara moja na kidole, anashuka. Siku kumi na moja tulikala vile mu giza.

Siku ya kumi na mbili mudogo yangu aliita. Kamio imefika, kubwa kupita zote, na mwenye samaki ana haraka. Nilimujibu na sauti ndogo, avunje. Akavunja. Sikusikia kintu. Nikamuambia, ingine. Akavunja. Kimya. Akasema, yaya, telefone yako njo mubaya, miye minaona iko muzuri kabisa, na baba huyu ni muntu ya kanisa. Nikasema, ingine, ya chini. Nikafinya telefone ku sikio mpaka inauma. Kimya. Na kule nyuma nikasikia yule mwanaume anacheka, anamuambia mudogo yangu ahesabu, ahesabu tu, bibi wa mu telefone amezeeka masikio.

Miaka makumi ine minasimama ku ile soko. Kinywa yangu ilifunguka yenyewe.

"Acha! Iko mubichi! Rudisha yote!"

Nilipiga ile kelele yenye tunapigaka Kampemba, ya kuvuka kamio tatu na moshi. Mujukulu akaanza kulia. Mutoto yangu alinigeukia na kaske ku kichwa, akaniangalia, na huku anamuambia mukiliya wake mu kaske, mu Kifaransa, kwamba ile kelele ni ya televizyo. Kisha tukasikia milango inafunguka ku ngazi, moja, na ingine.

Yule mama muzee alipanda analia. Hakutukana. Alitufungia mukate yote yenye alikuwa nayo mu kitambaa. Saa ya mangaribi tulikuwa mu uwanja ya kanisa, pamoja na bengine benye kutoshwa, mutoto yangu amekumbatia ordinatere mukono huu na mutoto mukono huu. Umeme ya kuchomeka haikuwa. Kazi yake ilikwisha ile siku.

Wiki iliyofuata bantu ya ubalozi walisoma majina ya benye kurudishwa na ndege. Langu lilisomwa. Karatasi ya mujukulu ilikuwa haijatoka, na mama yake hangeweza kumuacha. Nilimuambia mutoto yangu sitaenda, nitangojea nao.

Hakupandisha sauti. Alisema: "Mama, haujuaka kunyamaza. Enda."

Nikaenda.

Ile samaki ilikuwa mubichi. Mudogo yangu aliirudisha, na mwenye kuinunua nyuma yetu aliimwanga yote, imejaa funza. Ku soko banaisimulia mpaka leo, banasema masikio yangu inafika Tunis. Banacheka, na miye minaendelea kupanga samaki.

Mutoto yangu alipata chumba ingine mu muji mudogo, nako kwa kujificha, na kazi ingine ya kaske. Karatasi haijatoka. Asubuhi ananiita, anaweka telefone pembeni ya mujukulu mwenye kulala, kisha anaanza kazi yake. Minasikia mutoto anapumua, na mama yake anajibu bantu ya mbali na Kifaransa ya mapua. Hakuna mwenye kunisemesha.

Minafunga mulango ya nyumba, minaketi, minaweka mukono ku kinywa. Mpaka akikata telefone.