Niliposomesha Kiingereza kwa Kata ya Baba Mkwe

Hii sijawahi kumsimulia mtu bila kujifunika uso, kwa hiyo msinitazame sana. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na siku ya kujitambulisha kwa kina Neema, kule mlimani Kirua Vunjo, nilikuwa mchumba mwenye suti na baba mdogo wangu kama msemaji. Tuliambiwa tutulie, maana baba yake Neema ndiye angetoa jibu kama nakubalika au la.

Basi tumekaa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeletwa, kata ya kunywea imejaa mbele ya kiti cha mzee, yeye kasimama kidogo anaongea na jirani uani. Hapo mdogo wake Neema, Upendo, wa kidato cha pili, akanisogelea na daftari, ana mtihani Jumatatu, "his" na "himself" zinamchanganya. Ningemwambia baadaye. Lakini wageni walikuwa wananiangalia (na mimi kusifiwa napenda, nisiwadanganye), nikasimama kama niko ubaoni.

Nikamweleza kwamba "his" inaonyesha kitu ni cha nani, na "himself" inaonyesha mtu anajitendea mwenyewe. Hakuelewa. Nikaona mfano mzuri uko mezani, nikainua kata, "Hii ni ya baba, his," halafu, ili "himself" imkae vizuri kichwani, nikajikaribisha nikanywa mafunda mawili makubwa (ilikuwa tamu, Mungu anisamehe), nikajifuta mdomo na kusema, "Mwalimu amejikaribisha mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Na mimi ni Mchagga, jamani, kukulia mjini Shirimatunda si kisingizio, najua kabisa mbege haiguswi kabla mwenye nyumba hajawamwagia wazee waliotangulia. Baba mdogo alifumba macho. Neema alikuwa mlangoni na sahani ya ndizi, akageuka akarudi jikoni. Miezi miwili mizima alikuwa akimwambia baba yake kwamba mimi nina adabu.

Mzee alikuwa ameshaingia. Aliitazama kata, akaniangalia, akasema taratibu, "Mwalimu, somo tumelielewa. Mambo mengine mtakuja kuyazungumza siku nyingine."

Tukashuka na mzigo wetu wa zawadi vilevile tulivyopanda nao. Njia nzima baba mdogo alitembea hatua kumi mbele yangu, na nilitamani anitukane. Kwa wiki tatu, hata kumpigia Neema niliogopa.

Tuliporudi mara ya pili tulibeba mbege yetu na ombi la msamaha. Mzee alimwaga, akanywa, kisha akaninyooshea kata kwa mkono wake. Siwezi kuwadanganya, nilishindwa kuipokea. Nilimgeukia kwanza baba mdogo, mtu mzima na ndevu zangu, nikamuuliza kwa sauti ndogo kama naruhusiwa, na nyumba nzima ikasikia.

Neema nilipewa. Ila tangu siku hiyo, mifano yangu yote natoa kwa chaki, na nikiwa ugenini sijui Kiingereza hata kidogo.