Karatasi za Mbwa wa Kalenga

Mwaka wa sabini na nne, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa, na shida ilianzia hapo. Nilikuwa darasa la pili. Mjomba alinitoa shule akanipeleka Usangu kuchunga ng'ombe, nami sikukaa tena kwenye dawati. Kusoma nasoma, na kuandika naandika kama mnavyoona, lakini nilijifunza kwa ubishi wangu mwenyewe. Nasema mapema ili asitokee wa kunisahihisha.

Ng'ombe wale hawakuwa hata wa yule niliyemchungia. Walikuwa wa tajiri mmoja wa Chimala, yeye amewekewa tu. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mwenye mifugo mingi anaiweka kwa mwenzake. Mwenzake anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na wakizaa, uzao wa kwanza ni wa mwenye mali, baadaye na mtunzaji anapata ndama wake. Mimi nilipokuwa mtu mzima niliwekewa pia, na ng'ombe wangu wa kwanza nilimpata kwa njia hiyo. Kwa ng'ombe huyo nilipata shamba la viazi huku milimani juu ya Uyole, kisha nyumba, kisha lori. Sikurithi hata jembe.

Sasa nije kwenye mbwa.

Siku hizi parachichi zimeenea kwetu, na wenye mashamba wanatafuta mbwa wa ulinzi kuliko wanavyotafuta walinzi. Nikaona biashara. Meneja wa shamba moja kubwa alikuwa na dume la Kijerumani, mbegu safi, lina karatasi zake za usajili. Aliniambia nikipata jike mwenye karatasi atampandisha bila malipo, na watoto atawachukua yeye na wenzake. Asiye na karatasi hamtaki hata akiwa mzuri namna gani, kwa sababu hana namna ya kumjua bibi yake. Nilimwelewa. Hata kwenye posa watu wanauliza ukoo.

Nikasikia kuna mtu Kalenga anafuga mbegu hiyo. Jirani yangu, Mnyakyusa mwenye mdomo, aliposikia naenda kununua mbwa kwa Wahehe alinisihi nihesabu miguu kabla sijalipa, kwa ule utani kwamba Wahehe hula mbwa. Nilikwenda. Nilikuta banda limefagiwa, maji masafi, mama mbwa anang'aa manyoya. Mtu mwenye banda chafu simwamini hata salamu yake, lakini huyu nilimwamini. Nikachagua mtoto wa kike, nikalipa, nikaambiwa karatasi zitafuata akimaliza chanjo.

Chanjo zikaisha, karatasi kimya. Nilipopiga simu niliambiwa ziko Dar es Salaam. Baadaye zikawa Nairobi. Karatasi zile zilikuwa zimetembea kuliko mimi. Mbwa akakua, masikio yakasimama, joto la kwanza la kutaka dume likapita. Meneja akanipa habari kwamba joto la pili likipita bila karatasi, atampandisha jike wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimeshajenga banda la matofali na sakafu ya saruji. Mke wangu akawa analiangalia lile banda, halafu ananiangalia mimi.

"Baba," akasema, "ulinunua mbwa au ulinunua hadithi?"

Wiki hiyo nilikuwa na viazi vya kupeleka Iringa. Nikashusha mzigo sokoni, nikageuza lori hadi Kalenga bila kupiga simu. Yule mfugaji alinikuta nimeshakaa kwenye kigoda chake. Akajaribu utani.

"Mzee, Mhehe amekupa mbwa mzima mzima, bado unataka na karatasi?"

Nilicheka, maana alistahili. Kisha nikamwambia siondoki. Akaona lori, akaona nimekuja na blanketi, akaamini.

Ndipo akasema ukweli. Yule mama mbwa hakuwa wake. Alikuwa wa mama mmoja nesi mstaafu, aliyemnunua Kenya pamoja na karatasi zake. Mama huyo alipostaafu alihamia Ipogolo kwenye kiwanja kidogo, mbwa akamweka kwa huyu bwana wa Kalenga. Uzao wa kwanza alimpelekea wote. Wa pili akauhesabu kuwa wake, kama ndama wa mtunzaji, akauza. Kumbe kwa mbwa wa karatasi mambo si hivyo. Chama kinachoandikisha kinataka saini ya mwenye mama mbwa, na mwenye mama mbwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa.

"Ulimwambia kwamba mbwa wake amezaa?" nikamuuliza.

Akakiri kwamba hakumwambia.

Hapo nilipandwa na hasira. Kuuza sikumlaumu. Mimi mwenyewe nimekula jasho la utunzaji, najua ni haki. Lakini ukiwekewa mnyama, akifa unapeleka ngozi, akizaa unapeleka habari. Mtoto wa miaka tisa anayechunga Usangu analijua hilo. Bwana huyu aliogopa kwamba mama akisikia atadai watoto wote, basi akanyamaza, na katika kunyamaza akanifungia mimi mlango.

Nikamwambia akamate jogoo, tena mkubwa, tupande lori.

Yule mama wa Ipogolo alitupokea vizuri. Kamwene, kamwene, viti vikatolewa. Ila alipoona jogoo alijua kuna kosa, akasubiri. Mtunzaji akajieleza, jasho linamtoka. Mama hakupaza sauti. Akauliza tu walizaliwa wangapi na wako wapi, na kila alipojibiwa alitikisa kichwa kana kwamba anapokea habari ya msiba. Mwisho akapokea jogoo. Nilijua amemsamehe, na kwamba mbwa hatamwondoa Kalenga. Shida yangu mimi ilikuwa bado.

"Wewe sikujui," akaniambia. "Nitajuaje kama hukuokota mbwa koko sokoni Mwanjelwa ukaniletea jina lake nitie saini?"

Swali zuri. Ningekuwa yeye ningeuliza hilohilo. Nikamjibu nitamleta amwone kwa macho yake.

Safari iliyofuata viazi vilikaa nyuma na mbwa akakaa mbele na mimi. Pale Makambako watu walimshangaa, mmoja akauliza kama ndiye tanboi, utingo wa lori langu. Ipogolo, mama alitoka na miwani yake. Akampapasa masikio, akamfungua kinywa, akamtembeza uani kwenda na kurudi. Alipochoka akakaa kwenye kiti, na yule mbwa, ambaye hajamzoea hata mke wangu, akaenda akaketi juu ya mguu wake.

Mama akavua miwani. "Mama yake hukaa hivi," akasema.

Mwingine angeanza kubembeleza hapo. Mimi sijabembeleza mtu tangu niondoke Usangu. Nilimwambia, "Mama, nilimnunua kwa mtunzaji wako, na mtunzaji ana haki yake, ila hakukuletea habari. Tuihesabu hivi. Unichukulie kama niliyewekewa mbwa. Uzao wa kwanza, jike mmoja ni wako."

"Na habari ya uzazi?"

"Siku hiyohiyo, kabla hawajafungua macho."

Akacheka, akaingia ndani kutafuta kalamu.

Karatasi zilikuja, safari hii kweli. Kwenye fomu, mahali pa jina la mbwa nilikuwa nimeandika jina la Kisafwa, lugha yetu, watu wa chama wakanipigia simu kuuliza linatamkwaje, nikawatamkia. Zimeandikwa baba yake, mama yake, babu na bibi, mpaka nyuma huko Ulaya. Mimi mwenyewe cheti cha kuzaliwa nilikipata nikiwa na wajukuu. Meneja alizisoma mara mbili, akafungua geti. Joto la pili halikupita bure.

Alizaa asubuhi yenye ukungu. Nilinawa mikono nikapiga simu Ipogolo kwanza, kisha Kalenga, kwa sababu yule bwana naye anahitaji kusikia jinsi habari inavyopelekwa. Meneja nilimpigia baada ya chai.

Leo nina shamba la viazi na kipande cha pareto. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, lori moja linalotembea na jingine lisilotembea, ng'ombe wa maziwa, na banda la mbwa lenye sakafu ya saruji. Nina mbwa jike wa Kijerumani mwenye karatasi, na watoto wake. Mmoja wa watoto hao, jike mwenye doa jeupe kifuani, si wangu. Ni wa mama wa Ipogolo. Nampelekea Jumamosi, pamoja na gunia la viazi.