Udongo Mbichi Ulionichelewesha

Kwetu Sabaki, mwanamke akitoka mtoni na ndoo kichwani huweka majani juu ya maji ili yasicheze. Mama alinifundisha hivyo nikiwa mdogo. Miaka mingi baadaye, katika chuo cha ubaharia, mwalimu alijaza ubao mzima hesabu kutueleza kwa nini tangi lililojaa nusu linaweza kupindua meli. Nikacheka peke yangu. Mama hajui hata kusoma, na hesabu ile aliibeba kichwani kila siku.

Mwaka jana nilikuwa msaidizi wa kwanza wa nahodha katika meli ya mizigo, na upakiaji wote ulikuwa juu yangu: nini kinaingia, kinakaa wapi, na kama meli itasimama wima nacho. Nilibakiza bandari moja tu nirudi nyumbani. Miezi tisa! Nilitamani hata vumbi la kwetu, hata mbu wake. Lakini zaidi nilimtamani mama. Macho yake yalikuwa yanaingia giza, na daktari wa Malindi alishasema hayatibiki. Kila nikipiga simu neno lake lilikuwa lile lile.

"Njoo nikuone, mwanangu. Ukungu unazidi."

"Nakuja, mama. Wiki mbili tu."

Katika bandari hiyo ya mwisho tulitakiwa kupakia udongo wa madini. Mvua ilikuwa imelinyeshea rundo gatini siku tatu, lakini karatasi zilisema ni mkavu. Mimi si mtu wa kuamini karatasi. Nikachukua kopo, nikalijaza udongo nusu, nikaligonga kwenye chuma mara ishirini na tano, kama tufanyavyo. Juu pakang'aa maji. Udongo wa namna hiyo ukitikiswa na mawimbi hugeuka uji, ukalalia upande mmoja, na meli ikilala hivyo haiinuki tena.

"Labda kopo lenyewe lilikuwa na maji," nahodha aliniambia. Alikuwa mtu mwema, naye pia alikuwa na kwao. "Gonga tena."

Nikagonga tena, na tena. Nakiri, mara ya nne niligonga polepole, huku nikimwomba Mungu pabaki pakavu. Maji yakatoka vile vile. Nikalitupa kopo kwa hasira, nikamwambia nahodha sitatia sahihi.

Tulingoja siku kumi na moja udongo uanikwe na upimwe upya. Wenzangu walininunia, mpishi akawa ananipakulia ukoko. Hawakujua kwamba mwenye haraka kuliko wote alikuwa mimi. Nilimpigia mama kumwambia nimechelewa, na sikumwambia kwa nini.

"Basi nitayabana haya macho yakusubiri," alisema.

Nilipofika Sabaki, dada yangu alinipokea njiani. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wiki iliyopita mama alikuwa bado anamtofautisha kuku mweupe na mweusi. Niliingia uani nikamkuta mama ameketi kigodani, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Akanyoosha mikono, uso wote ukicheka. "Mbona unasimama kivulini? Hebu sogea juani nikuone vizuri."

Nilikuwa katikati ya ua, na jua la saa nne lilikuwa limeniwakia mwili mzima.