Besi ya Sosaia

Kalolaine wa kijiji cha Kolovai, kisiwani, alikuwa na mwaka wa tatu wa ujane, na jambo moja lilimnyima raha: sauti ya mumewe ilikuwa inamtoka masikioni. Sosaia aliimba besi katika kwaya ya kanisa tangu ujana hadi mauti. Rekodi ya kwaya ipo, redio ipo na spika zake mbili, moja huku, moja kule. Lakini spika zenyewe vijimikebe vya nyama! Wanawake unawasikia, hata wanaume wa sauti ya kati unawasikia, ila pale aliposimama Sosaia pako kimya.

Binti yao Lavinia, aliyeko Auckland, akamtumia kwa meli sabufa, spika kubwa ya sauti nzito, akaeleza kwa simu: "Mama, zima umeme kwanza. Redio yako ya zamani haina tundu la sabufa, basi unga waya zake palepale zinapotokea za spika. Kulia na kushoto, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Halafu iweke sakafuni, kwenye kona."

Kusoma kulimpiga chenga Kalolaine, lakini mikono iliyosuka mikeka maisha yote haichanganyi nyuzi. Alizifuata waya kama anavyofuata miaa, akamaliza bila kuomba msaada. La kona ndilo alilolikataa.

"Baba yako nimweke chini, kuku wampitie? Thubutu!"

Akaipandisha sabufa juu ya kabati, akaivika ngatu, kile kitambaa cha gome la mti wanachovikwa wakubwa. Akawasha, akazungusha kitufe cha besi. Sahani zikagongana kabatini. Sosaia hakuja.

Siku tatu ikawa hivyo. Mchana, popo wakining'inia mitini nje kama matunda meusi, Kalolaine alikaa mkekani akasinzia, na katika usingizi ule mwepesi alimwona mumewe akifumbua kinywa, akifumba, bila sauti, kama samaki ndani ya maji matulivu. Akiamka, anaogopa kulala tena.

Jumamosi akaingia Fusi, dada mkubwa wa Sosaia, ambaye neno lake halipingwi katika nyumba ile. Akaketi mkekani, akatazama juu.

"Wifi, nani huyo umemvika ngatu?"

"Sauti ya mdogo wako."

"Mbona inagonga sahani? Kumbe kafa, kawa mwosha vyombo?"

"Cheka tu. Lavinia anataka nimweke sakafuni. Sitaki!"

"Yuko juu ya kichwa changu, Kalolaine. Tangu azaliwe, lini alikaa juu yangu?"

Kalolaine akaitazama sabufa kule juu. Ni kweli. Hata paa likivuja, Sosaia hakulipanda dada yake akiwa ndani; na tangu wabalehe, kwa desturi ya kisiwa chao ya kumheshimu dada, hata chumba kimoja hawakukaa.

"Siku tatu namwaibisha," akasema taratibu.

"Kwa kiburi chako hicho. Mteremshe."

Akaivua ngatu, akatandika kona mkeka wake bora, akaishusha sabufa mwenyewe; Fusi alipotaka kusaidia, akamwondoa mkono. Akawasha.

Sauti haikuanzia masikioni. Ilianzia kwenye mkeka, ikapanda mapajani, ikajaa kifuani kama maji yanavyojaa mwambani bila kelele. Kuta zote mbili za kona ziliibeba. Halafu ikawa mtu: nzito, yenye mkwaruzo kidogo, ikichelewa kuiachia noti ya mwisho, kama alivyochelewa siku zote hadi mwalimu wa kwaya akamchoka.

Kalolaine aligeuka kumwambia wifi yake. Fusi alikuwa ameshasimama, mkono kwenye fimbo yake ya kutembelea, macho chini.

"Unakwenda wapi tena, wifi? Ndio kwanza anaanza!"

"Ninakwenda barazani," Fusi akanong'ona. "Siwezi kukaa chumba kimoja na ndugu yangu wa kiume, mtu mzima. Huoni kwamba ameingia?"

Akatoka, akaurudisha mlango polepole, akawaachia chumba.