Kidundu Kilichopewa Jina la Mkwe Mwenzangu

Tulikuwa wanne uani kwa mkwe mwenzangu, Mbezi Beach: yeye mwenyewe, ndiye mama mzaa baba; binti yangu, aliyeolewa na mwanawe; mjukuu wetu, anayesoma mambo ya wadudu chuo kikuu; na mie, mama mzaa mama. Majina yao yote ninayo kichwani, hata ya majirani waliopita kusalimia, ila siyaandiki.

Mjukuu alikuja kutuambia kwamba vile vidundu alivyovikuta ndani ya uyoga mgumu, kwenye gogo la mkorosho nyuma ya nyumba ya mkwe, havijawahi kuandikwa na mtu yeyote katika vitabu vya wataalamu wa wadudu. Vidogo kama punje ya ulezi, rangi ya kahawia, na dume lina vipembe viwili. Yeye na mwalimu wake ndio wataviandika, na jina litakuwa la bibi mwenye gogo.

Mkwe akajifunga kanga upya. "Unaona, mkwe? Hata wadudu wananijua."

Nikacheka pamoja nao, moyoni naungua. Mjukuu wa kwanza wa kike alipewa jina lake yeye, ndiyo desturi, nikanyamaza. Wa pili akapewa la shangazi yake. Mie nimewabeba wote mgongoni, na hakuna anayeitika jina langu. Tena ni mie niliyemfundisha huyu, akiwa mdogo, kuugongagonga uyoga juu ya kanga nyeupe ili wadudu waanguke kabla haujapikwa. Sasa mpaka mdudu?

Niliaga wa kwanza. Nikazunguka nyuma, nikabandua vipande viwili vya ule uyoga, nikavifunga kwenye pindo la kanga. Kwangu Boko kuna kisiki cha mfenesi. Nikavichomeka kwenye nyufa zake, na baada ya wiki nikampigia mjukuu simu, nikamwambia vile vidundu hata kwangu vipo.

Alikuja siku hiyohiyo na vichupa vyake. Akavipata. Akachukua kikaratasi kidogo mno, akaandika Boko, akanieleza kwamba kikaratasi hicho kitakaa na mdudu hata sisi tukishazikwa, na watu wa nchi za mbali watakiamini bila kuja kutazama. Halafu akanitania, maana kwetu bibi na mjukuu ni wake wenza: "Mke mwenzangu, kumbe na wewe unavyo. Nitamwambia mwalimu jina liwe lako."

Ndilo nililokuwa nalitaka. Lakini nikamtazama anavyoandika kwa herufi ndogondogo, ulimi nje kama alivyokuwaga darasa la kwanza, nikashindwa.

"Usiandike," nikamwambia. "Huo uyoga nimeuleta mie. Nimeubandua kwa mwenzangu."

 Akakichana kile kikaratasi. "Bibi, ningeandika uongo, na ningeusimamia mie mbele ya walimu wangu."

Nikamwomba radhi, mie na mvi zangu. Akaninawisha mikono, akala kwangu, na hakumwambia mtu.

Kidundu kikapata jina la mkwe. Karatasi iliyotangaza jina hilo mkwe ameitia fremu sebuleni kwake, na nikienda pale nakaa kiti cha kuipa mgongo. Hili la uyoga analijua leo tu, akisomewa haya niliyoandika. Kama vipande vilikuwa vitatu, au siku ile tulikuwa watano, yeye au yeyote aliyekuwepo anirekebishe, sitanuna. Wivu tu ndio nina hakika nao.