Sikio Lililobaki Jeshini

Sikio langu la kushoto lilibaki jeshini. Mke wangu haamini. Husema nikiitwa kula nasikia kwa yote mawili.

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Tangu nistaafu, safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwenye mashine ya kusaga unga niliyoiweka hapa Lodwar. Na mashine hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilipokwenda kudai fidia ya ulemavu, afisa aliniuliza kwa upole, “Mzee, tutajuaje si mashine iliyokuziba?”

Nikasema ni mlio wa mzinga wa jeshini. Akataka karatasi ya zahanati ya kambi. Sina. Nani angempelekea daktari sikio linalovuma, wenzake wamcheke na kumwita bibi harusi mpaka astaafu?

“Basi leta mtu aliyekuwepo.”

Aliyekuwepo, mwenzangu wa mzinga, yuko Kakuma, anaendesha lori la maji. Nilifika nimechoka kama niliyelisukuma.

“Ejok, afande wa kitanda,” akanisalimu Kiturkana. “Nani amekufa mpaka ukatoka nje?”

Nikakaa kulia kwake, hatukusikizana. Tukabadilishana nafasi bila kuambiana, kama zamani. Siku hizo mzinga ulikuwa katikati yetu, kila mmoja akatoa sikio lililokuwa karibu. Langu la kushoto, lake la kulia.

Nikamweleza shida yangu. Akaligeukia lori lake. Tajiri wake hajui habari ya sikio lake hilo, na dereva asiyesikia honi ya upande mmoja nani atampa lori?

“Sema tu uliniona nikiumia,” nikamwambia.

“Sikio likifa linaonekana?”

Alikuja ofisini hata hivyo. Afisa alimsikiliza, kisha akaweka kalamu chini. “Wewe ulikuwa ng’ambo ya mzinga huohuo. Mbona lako zima?”

Mwenzangu akanitazama. Niliomba moyoni aseme, nikaona haya kwa kuomba.

“Si zima,” akasema. “La kulia limekufa. Andika.”

Afisa akaandika. Akasema tutaitwa kupimwa, wote wawili, tusubiri. Kusubiri nakujua, ndiyo kazi niliyoifanya sana jeshini.

Nje mwenzangu alitembea upande wangu wa kulia ili tusikizane. Tukafika karibu na soko.

“Hiyo mashine yako,” akasema, “haihitaji mtu?”

“Ina kelele sana.”

“Nitaigeuzia hili la kulia.”